Bata Mweupe wa Saa Nane

Parklands, Nairobi
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mpendwa Mama Sharon,

Leo ni miezi mitano na siku tatu tangu niondoke Nyansiongo. Najua umekuwa ukinipigia simu. Simu yangu ilichomoka mfukoni ikaangukia kwenye zege, na kabla sijainama fundi alikuwa ameshamwaga karai lingine juu yake. Sasa iko ndani ya nguzo ya ghorofa ya tatu. Wenzangu wanasema Jumatano nguzo hiyo iliita mara mbili. Kama ulikuwa wewe, nisamehe, sikuwa na njia ya kupokea.

Kwa hiyo nakuandikia. Ombui wa lori la ndizi atakuachia barua hii akipita hapo Nyansiongo, na jibu utampa yeye. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho mwalimu alichotufundisha kuandika kabla sijaachia darasa la saba. Tena mama yangu akitaka asomewe, kwa kuwa hajui Kiswahili, utaweza kuruka sehemu.

Kazi ni ile ile. Mawe asubuhi, mchanga mchana, na jioni mgongo unanikumbusha yote mawili. Lakini siku moja wiki hii nilipata kupumzika na nataka nikueleze, maana sijacheka hivyo tangu nitoke nyumbani.

Kuna mwanamke anaitwa Loice. Anakaa karibu na hapa tunapojenga, vumbi letu lote la simiti linaangukia kwenye nguo zake. Ni mtu wa kwetu Marani kabisa. Kila mwaka kuna watu wanaohesabu ndege katika bustani za jiji, na sheria yao ni kwamba lazima mwende wawili. Ndege aliyeonwa na mtu mmoja hahesabiwi. Mwenzake wa kila mwaka amesafiri, basi akaniomba mimi.

Tulianza saa mbili asubuhi kule City Park, tukaenda Arboretamu, tukamalizia Uhuru Park. Mama Sharon, sikuwahi kuona kazi kama hiyo. Mnamtafuta ndege kimya kimya nusu saa nzima, mkimpata mnamwandika, basi. Nikamuuliza, halafu? Akasema, halafu tunamtafuta mwingine. Nikaona kigong'ota anatoboa mti, nikamwambia huyo nilimla mara mbili nikichunga ng'ombe Marani, na nyama yake ni ngumu. Akasema kwenye karatasi hakuna mahali pa kuandika hilo. Kumbe wengi wao nilikuwa nawajua kwa ladha tu. Hata hivyo tulipata aina arobaini na moja, na yeye amesema nina macho mazuri sana.

Pale Arboretamu kwarara walipita juu wakipiga ile kelele yao, ile inayotuamsha hapo nyumbani kabla hujawasha moto. Nikasimama tu. Loice aliniuliza nimeona nini, nikasema vumbi limeniingia machoni.

Msalimie Sharon, na mama. Kurudi sijui ni lini. Zimebaki ghorofa nne.

Ni mimi mume wako,
Nyangau


Nyansiongo
Alhamisi, 16 Oktoba 2025

Baba Sharon,

Barua imefika na utomvu wa ndizi. Imesomeka.

Umeandika "siku moja wiki hii". Wiki ina siku saba. Jumapili hadi Ijumaa unabeba mawe, wewe mwenyewe umekuwa ukiniambia. Kwa hiyo imebaki siku moja, na hukuitaja jina. Usihangaike kunieleza ni ipi, maana nimeshaelezwa mbele ya watu.

Mzee Mathew Omosa alikuwa Nairobi wiki iliyopita, alimpeleka mkewe hospitali kupimwa. Jumanne kamati ya uteuzi ya kanisa ilikaa. Unajua nimefundisha watoto wa Watafuta Njia miaka sita, mafundo ya kamba, gwaride, huduma ya kwanza, na kila mwaka uongozi anapewa mwingine. Mwaka huu mwenyekiti, Mwalimu Duncan, alisoma jina langu. Wote wakanyamaza vizuri, ule unyamavu wa kukubali. Ndipo Mzee Mathew akasimama.

Alisema alikuona Sabato, saa nane mchana, ukitembea na mwanamke. Amekushika mkono. Unamnong'oneza sikioni, naye anakunong'oneza. Mnapokezana darubini. Na mfuko wa Biblia ulikuwa begani, jambo ambalo Mzee alisema ndilo baya zaidi. Mama Nyakerario, karani wetu, akamuuliza kama ana hakika ni wewe. Mzee akasema alikuwa karibu kiasi kwamba angekutupia jiwe, ila katikati kulikuwa na maji. Hakusema ni maji gani.

Wamesema kiongozi wa watoto lazima nyumba yake iishike Sabato. Jina langu limewekwa kando hadi Jumapili tarehe 2 Novemba, nipeleke maelezo.

Sasa fikiri pamoja nami. Ukisema ulikuwa kibaruani, umefanya kazi ya mshahara siku ya Bwana. Ukisema haikuwa kibarua, basi ulikuwa unatembea na Loice bure. Chagua moja uniandikie, na mimi nitajua ni aibu ipi nitakayobeba.

Mama yako aliomba asomewe. Niliruka sehemu, lakini uso wangu haukuruka. Amesema asikie kwanza kama huyo mwanamke ana nyumba yake mwenyewe.

Macho mazuri sana. Miaka kumi na mbili nimeyaona hayo macho yakishindwa kuona ndoo tupu.

Nyanchama


Parklands, Nairobi
Jumanne, 21 Oktoba 2025

Mama Sharon,

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya mawe, na fundi alipiga kelele mara tatu bila mimi kusikia.

Ni kweli ilikuwa Sabato. Nilikuficha, na nimekosa. Asubuhi hiyo nilikuwa naenda kanisani, nimevaa, Biblia na kitabu cha nyimbo viko kwenye mfuko. Napita langoni kwa Loice, namkuta amekaa kwenye jiwe na darubini shingoni, analia. Mjukuu wake Ashley ndiye mwenzake wa kuhesabu, naye alikuwa ameitwa ghafla kazini Kisumu. Bila mtu wa pili hesabu yake ya mwaka mzima inatupwa. Amehesabu miaka kumi na tisa bila kuruka hata mmoja. Nikamwambia nitamsindikiza saa moja tu. Unajua jinsi saa moja inavyokuwa.

Na hili ningekuambia mwanzoni, ila sikuona kama ni jambo la kuandika, ni kama kuandika kwamba mawe ni mazito. Loice ana miaka sabini na minne. Alikuwa nesi, alistaafu kabla Sharon hajazaliwa. Macho yake yana mtoto wa jicho yote mawili. Anasikia ndege na kumjua kwa sauti, lakini hamwoni, na sheria inataka aonwe. Alinishika mkono kwa sababu pale Uhuru Park kuna ngazi. Tulinong'onezana kwa sababu ndege wakisikia mtu anaongea kwa sauti wanaondoka. Darubini alikuwa anaichukua kuifuta tu, kwa mazoea.

Mshahara sikupewa. Nilipewa chapati mbili na maharagwe. Kama huo ni mshahara, kamati iamue.

Sasa kuhusu yale maji. Maji hayo nayajua.

Loice ana karatasi ya hesabu. Kila nilichomwambia aliandika papo hapo, kwa saa yake, neno kwa neno, kwa kalamu nene ili aweze kusoma mwenyewe. Nimeitoa nakala na nimeiweka humu. Isome polepole. Ukifika saa nane na dakika kumi, kaa chini kwanza.

Tulikuwa kwenye ukingo wa lile bwawa la mashua. Loice akauliza kuna nini majini. Nikaweka darubini. Nikaona bata mweupe, mkubwa, mojawapo ya zile mashua za kukanyaga kwa miguu kama baiskeli, zilizotengenezwa kwa sura ya bata. Na ndani yake, peke yake, kwa suti na tai ya kijani, alikuwa Mzee Mathew Omosa akikanyaga.

Mama Sharon, neno lililonitoka lilikuwa "bata". Loice akaanza kuniuliza, ni mmoja au wengi? Nikasema mmoja. Rangi? Mweupe. Ukubwa? Mkubwa kuliko korongo. Anafanya nini? Anazunguka polepole, hapigi mbawa. Kifuani ana rangi gani? Nikaangalia tena. Nikasema kijani. Hakuna uongo hata mmoja hapo. Lakini ningesema ni mashua, angeuliza nani yumo, na Loice ana dada Marani ambaye habari zake hufika Nyansiongo kabla ya lori la Ombui. Mzee Mathew ndiye aliyenifundisha shule ya Sabato. Siku nilipoondoka ndiye aliyeniombea pale barabarani. Ningemweka vipi mdomoni mwa watu?

Sikujua kwamba na yeye alikuwa ananihesabu.

Sikuambii ufanye nini na karatasi hiyo. Mimi macho yangu yaliishia kwenye ndege, na kwako. Ile ndoo tupu niliiona kila siku, nilikuwa nasubiri useme.

Ni mimi,
Nyangau


Parklands
Tarehe 21 Oktoba 2025

Kwa Mama Sharon,

Unisamehe kwa herufi kubwa. Zikiwa ndogo sizioni.

Mume wako amenisomea barua yako. Mimi ndiye Loice. Nimezaa watoto sita na nimezalisha wengine nisioweza kuwahesabu, kwa hiyo mtu akisema nilikuwa natembea na kijana, nashukuru, lakini si kweli. Sikujua ilikuwa siku yenu ya ibada. Sisi Wakatoliki tunasubiri kesho yake. Hakuniambia neno. Kila tukipumzika aliushika mfuko wake wa Biblia kama mtu aliyebeba mayai.

Amenisaidia kama mtoto wangu. Kosa lake ni moja tu, kila ndege anataka kunieleza anavyopikwa.

Tarehe 28 nafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Nikiona, nitakuja nikusalimie mwenyewe.

Jambo moja linanisumbua. Wakubwa wa hesabu wamenipigia simu mara tatu kuhusu yule bata wa saa nane. Wanasema hakuna bata wa namna hiyo Kenya nzima. Nikimuuliza mume wako anasema ana jiwe la kupandisha juu.

Loice


Nyansiongo
Jumatatu, 3 Novemba 2025

Baba Sharon,

Nilikaa chini kama ulivyosema. Halafu nikacheka hadi mama yako akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani nimeletewa habari za msiba. Sikumwambia. Nilimwambia tu Loice ana miaka sabini na minne. Akaguna, akasema basi ni bure.

Wiki nzima sikulala vizuri. Jioni moja nilikuwa nimeamua kuingia kwa kamati nitaje mashua, tai, kila kitu, na nione sura ya Mzee Mathew. Asubuhi yake nikakutana na mkewe sokoni, amekonda, anachagua nyanya mbili mbili, nikabadilisha nia. Kesho yake nikarudi kwenye nia ya kwanza. Niliingia kanisani Jumapili bila kujua nitasema nini, nina karatasi tu.

Walikuwepo wote. Mzee Mathew alikaa mbele, na alikuwa ameivaa ile tai.

Mwalimu Duncan akanipa nafasi. Nikasema mume wangu alikosa kwa kuniacha nisijue na kwa kuikosa ibada, na ameungama kwa mkono wake. Nikasoma ya Loice, umri wake na macho yake. Mama Nyakerario akafunga kalamu, yeye alikuwa ametosheka. Mzee Mathew hakutosheka. Akasema bibi kizee anaweza kuandikwa na mtu yeyote, tunajuaje kama kweli alikuwa anahesabu ndege?

Nikasema, "Mzee, karatasi ya hesabu ninayo hapa. Imeandikwa kwa saa. Niisome?"

Akasema, "Isome yote, mama. Usiruke."

Baba Sharon, sikuruka. Saa mbili na robo, City Park, kunguru saba. Saa mbili na nusu, kuzumburu wanne, wananing'inia. Nilisoma kama ninavyowasomea watoto, polepole. Mama Nyakerario akafungua tena kalamu akawa anaandika. Kufika saa tano Mwalimu Duncan alikuwa amesogeza kiti, anauliza kigong'ota ni yupi. Saa saba, Uhuru Park, makorongo tisa juu ya mti, wamekaa kama wazee. Hapo Mzee Mathew akakohoa. Nikageuza ukurasa. Nikasoma, saa nane na dakika kumi, bwawani. Bata. Mmoja. Mweupe.

Nikaacha kidogo ninywe maji.

Mkubwa kuliko korongo, nikaendelea. Anazunguka polepole. Hapigi mbawa. Nikainua macho. Mzee Mathew alikuwa ameweka mkono kifuani, kiganja kizima juu ya tai, kama mtu anayeapa. Nikasoma, kifuani ana rangi ya...

"Ndugu mwenyekiti," akasema, amesimama tayari, "mimi naona ushahidi umetosha. Napendekeza jina la Mama Sharon lipite."

Mwalimu Duncan akasema, "Lakini Mzee, mimi nataka kumsikia huyu bata."

"Bata tumemsikia. Tupige kura."

Nilipita bila mkono hata mmoja kupinga. Mama Nyakerario aliniuliza baadaye ni rangi gani, ajaze kwenye kumbukumbu. Nikamwambia wino ulikuwa umefifia hapo.

Mzee alinifuata nje, nilikuwa nafungua lango. Alisimama upande wa pili. Alisema siku ile mkewe aliingizwa ndani kupimwa, yeye akaambiwa asubiri hadi saa kumi. Alitafuta kanisa letu akapotea, akajikuta kwenye bwawa. Kisha akasema, "Mama Sharon, nina miaka sitini na minane. Sijawahi kukaa juu ya maji." Alikuona ukimtazama kwa darubini. Siku tatu alingoja habari imfikie kabla ya kamati, ikawa haiji, ndipo akaona aseme yako kwanza. Nikamuuliza majibu ya mkewe. Akasema hakuna ugonjwa mkubwa, ni vidonda vya tumbo. Nikamwambia tunashukuru. Nikamuuliza tena, na maji yalikuwaje? Akafikiri, akasema miguu iliuma lakini angerudia.

Nimeamua kumsamehe. Sijaamua kumrudishia karatasi.

Sasa wewe. Kamati imeomba uje Sabato moja alasiri uwaonyeshe Watafuta Njia ndege, kwa sababu sasa wote wanadhani wewe ni mtaalamu. Kutazama viumbe vya Mungu baada ya ibada kunaruhusiwa, Mwalimu Duncan amesema hivyo mwenyewe. Mlete Loice. Mlete yule mwenye macho mazuri sana. Sharti langu ni moja, usiwaambie watoto ladha.

Mke wako,
Nyanchama
Kiongozi wa Watafuta Njia


Parklands, Nairobi
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa Kiongozi,

Leo ni miezi sita kamili tangu niondoke. Barua yako nimeisomea wenzangu wote, sehemu ya kamati nimerudia mara mbili. Fundi ameniruhusu wiki mbili, anasema mgongo wangu umeanza kufanana na karai.

Jana nilienda kanisani asubuhi, nikakaa mbele, nikaimba. Mchana nikaenda kwa Loice kuungama na yeye. Nikamwambia yule bata alikuwa mashua. Alicheka hadi akakaa juu ya mchanga wetu. Akapiga simu kwa wakubwa wa hesabu papo hapo, wakamfuta bata, sasa tuna aina arobaini, na mmoja wao alisikika anasikitika. Halafu akaniuliza ndani ya mashua kulikuwa na nani. Nikamwambia jua lilinipiga machoni. Akasema, "Mwanangu, saa nane jua lilikuwa mgongoni kwako. Siku ile nilikuwa kipofu, lakini si mjinga."

Pamoja na hayo yote nimekuwa nikifikiri jambo moja usiku nikilala. Miezi sita nilikuwa napita chini ya miti hii sikuwahi kuinua kichwa. Inaonekana hata nyumbani ilikuwa hivyo. Nikija, unionyeshe vitu vyako. Hata ndoo.

Lori la Ombui linarudi tupu. Loice atakaa mbele na dereva, mimi nitakaa nyuma na majani makavu ya migomba. Tutafika Nyansiongo Ijumaa tarehe 21 Novemba, saa kumi jioni, jua likiwa bado juu, ili Sabato inikute nimeoga. Mwandalie Loice kiti karibu na mlango. Jicho la kulia wamelifungua Jumatatu na sasa anaona kila kitu, juzi alinihesabia vifungo vya shati kutoka ng'ambo ya barabara.

Kwa hiyo mwambie Mzee Mathew, siku hiyo avae tai nyingine.

Ni mimi,
Nyangau